UZI: Kuchagua deikea Marekani kwa ruzuku ya jimbo (CCDF): hatua, maswali ya kuuliza na mitego

FundiRuzuku

Wakuu, maswali ya deikea (kituo au nyumba ya kulelea watoto) yametapakaa kwenye nyuzi nyingi na majibu yanachanganywa: mtu wa Ohio anamjibu wa Texas, mwenye karatasi za ukimbizi anajibiwa kama mwenye viza ya masomo. Tukusanye hapa pamoja. Ukiuliza, taja jimbo lako kwanza, la sivyo utapewa jibu sahihi la jimbo la mwenzako.

Hela yenyewe ni ya serikali kuu. Mfuko unaitwa Child Care and Development Fund, CCDF, na sheria yake ni ya 1990, ikaandikwa upya 2014. Washington inagawa, majimbo yanaendesha, na kila jimbo linaupa mpango jina lake. Kentucky na Minnesota utasikia CCAP. Pennsylvania ni Child Care Works na ofisi zake ni ELRC. Ohio ni Publicly Funded Child Care. Jimbo la Washington ni Working Connections. Texas unapitia bodi ya ajira ya eneo lako, chini ya Texas Workforce Commission. Ukitafuta "CCDF" kwenye mlango wa ofisi hutaiona.

Masharti yanayofanana kote: mtoto awe chini ya miaka 13 (mwenye ulemavu asiyeweza kujihudumia, majimbo yanaruhusiwa kumhudumia hadi kabla ya 19). Mzazi awe kazini, masomoni au kwenye mafunzo. Kipato kisipite 85% ya kipato cha kati cha jimbo kwa familia ya ukubwa wenu. Hiyo 85% ni dari ya sheria kuu, na majimbo mengi yameweka kizingiti cha kuingilia chini ya hapo. Kuna pia kipengele cha mali zisizozidi dola milioni 1, unakithibitisha mwenyewe kwa kutia saini. Sidhani kama kitamkwamisha mtu humu.

Karatasi: kinachoangaliwa ni hali ya mtoto, kwa sababu yeye ndiye mnufaika. Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, basi. Namba ya Social Security wanaweza kuiomba, lakini kwenye mfuko huu hawaruhusiwi kukunyima huduma kwa sababu hukuitoa. Na mkimbizi au aliyepewa hifadhi haguswi na ile hofu ya "public charge", yaani kunyimwa green card kwa kuonekana mzigo kwa serikali. Sheria yenyewe imemtoa.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi: ruzuku hii inakuja kama vocha, na sheria inataka mzazi achague mwenyewe pa kuitumia. Kituo kikubwa, deikea ya nyumbani, kituo cha kanisa au cha msikiti, hata ndugu, almradi mtoa huduma ametimiza masharti ya jimbo. Ofisi ikikupa orodha ya vituo vitatu, hayo ni mapendekezo tu. Anza na tovuti ya childcare.gov, chagua jimbo lako, itakupeleka kwenye ukurasa wa kutafuta watoa huduma wenye leseni. Kuna pia mashirika ya kuwaelekeza wazazi kwenye deikea, yanayoitwa CCR&R. Hayatozi kitu na yanakutafutia nafasi kwa simu.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Tuma maombi kwanza, kwa sababu kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Wakati unasubiri, tafuta deikea, soma ripoti zake, itembelee. Ukikubaliwa, peleka jina la deikea ofisini. Ofisi inatoa barua ya idhini yenye jina la mtoto, jina la deikea, saa ulizoruhusiwa na tarehe ya kuanza. Mtoto anaanza tarehe hiyo au baada yake. Siku yoyote atakayokaa kabla ya tarehe hiyo ni deni lako kwa bei kamili, na hili ndilo kosa linaloumiza watu kuliko yote. Deikea inakwambia "mlete tu, karatasi zitakuja", karatasi zinakuja na tarehe ya wiki tatu mbele.

---

KesiwokaMstaafu

Naongezea kwenye karatasi, maana faili nyingi zinalala hapo.

Anayetaka kuombwa karatasi mara moja tu atayarishe hizi: utambulisho wa mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au I-94 yake (rekodi ya kuingia Marekani), uthibitisho wa anwani, slipu za mshahara na ratiba ya kazi. Wengi wanasahau ratiba. Slipu inaonyesha umefanya saa 40, haionyeshi saa ngapi hadi saa ngapi, na idhini ya saa za malezi inategemea hilo. Omba barua fupi kwa msimamizi au HR: siku za kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Muda wa njiani nao huhesabiwa, kwa hiyo utaje.

Kipato kinapigwa kwa mwezi hata kama unalipwa kwa wiki. Wastani wa wiki unazidishwa kwa 4.33. Anayepata dola 720 kwa wiki kabla ya makato anaandikwa kama dola 3,118 hivi kwa mwezi. Sasa angalia ovataimu: slipu nne zikiwa zote za msimu wa sikukuu, 720 inageuka 960, na mwezi unasomeka dola 4,157. Mtu anakataliwa kwa kipato ambacho hana mwaka mzima. Tangu 2014 majimbo yanatakiwa kuzingatia mapato yanayopanda na kushuka. Usikae kimya. Peleka slipu za miezi mingi zaidi na barua ya mwajiri kwamba saa hizo ni za msimu.

Kwa familia zilizokuja kwa ukimbizi kuna mambo matatu yanayorudia:

Chanjo. Ule mfuko wa karatasi wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) una fomu DS-3025 ya chanjo. Deikea haiwezi kuitumia ilivyo, inataka fomu ya jimbo. Mpelekee daktari wa mtoto, aingize chanjo hizo kwenye mfumo wa jimbo na akuchapie fomu yao. Usikubali mtoto achomwe upya kwa sababu tu mtu wa mapokezi hakuielewa karatasi.

Tarehe 1 Januari. Watoto wengi wameandikiwa hiyo. Deikea inampanga mtoto kwa umri wa karatasi, na bei ya darasa la wachanga ni tofauti na ya miaka miwili. Kama karatasi inamkosea kwa miezi kadhaa, waambie walimu umri halisi ili wamfuatilie vizuri, lakini kwenye fomu usiandike tofauti na I-94. Tarehe mbili kwenye faili moja zinasimamisha kila kitu.

Mtoto wa ndugu. Shangazi au mjomba anayelea mtoto wa marehemu anaweza kuomba. Sheria inamtambua kama mzazi yule anayesimama mahali pa mzazi, si lazima awe amemzaa. Majina ya ukoo yasipofanana leta chochote kinachoonyesha mtoto anakaa kwako: barua ya shule, kadi ya kliniki, karatasi ya shirika la mapokezi.

---

Nyambura614

Asanteni. Mimi niko Ohio. Swali: nikipigia deikea simu wanasema wako na nafasi, nikitaja ruzuku nafasi inapotea. Wanaruhusiwa?

---

MamaDeikea_PA

Dada Nyambura, kwa kawaida ndiyo. Mtoa huduma binafsi hujiunga na mpango kwa hiari yake, na aliyejiunga anaweza kuweka idadi ya nafasi za ruzuku. Nieleze upande wetu ili ujue pa kubana.

Jimbo linalipa kwa kiwango chake, si kwa bei ya ubaoni. Kiwango hicho kinatokana na uchunguzi wa bei za soko ambao jimbo linatakiwa kuufanya kila baada ya miaka 3. Kinachopendekezwa ni kulipa kiasi kinachotosha kununua nafasi tatu kati ya nne sokoni, na majimbo mengi hayafiki hapo. Juu ya hilo malipo mara nyingi huja baada ya mwezi kwisha, wakati walimu wanalipwa kila wiki mbili. Kituo kidogo chenye watoto 20 wa ruzuku na malipo yaliyochelewa kinakopa ili kilipe mishahara. Wanaokataa hawana chuki na wewe, wengi hesabu imewashinda.

Kwa hiyo usianze na "mna nafasi?" Anza hivi: "Mmesajiliwa kupokea malipo ya mpango wa jimbo? Nafasi za watoto wa mpango zimebaki ngapi kwa umri wa mwanangu?" Kisha swali la pesa lenye sehemu tatu, na majibu uyapate kwa maandishi:

- Mnatoza tofauti kati ya bei yenu na kiwango cha jimbo? Baadhi ya majimbo yanaruhusu, mengine yamekataza. Tofauti ya dola 40 kwa wiki ni dola 2,080 kwa mwaka, na haimo kwenye barua ya ofisi.
- Ada za pembeni: usajili, vifaa, nepi, safari, kuchelewa kumchukua mtoto. Ya kuchelewa hutozwa kwa dakika, na ruzuku hailipi.
- Mtoto akiugua wiki nzima, nani analipa? Jimbo hulipia siku za kutokuwepo hadi idadi fulani, zikiisha kituo kinakugeukia wewe.

Mchango wa mzazi ni kitu kingine, huo unapangwa na ofisi. Kanuni ya serikali kuu ya 2024 iliweka kikomo cha 7% ya kipato cha familia nzima, haijalishi watoto wangapi. Kwa yule wa dola 3,118 hapo juu ni kama dola 218 kwa mwezi. Majimbo mengine yaliomba muda kabla ya kuitekeleza, kwa hiyo namba ya kuishika ni iliyo kwenye barua yako.

---

FundiRuzuku

Orodha za kusubiri nazo zizingatiwe. Indiana iliweka orodha Desemba 2024, Maryland ilisimamisha kupokea familia mpya kuanzia 1 Mei 2025. Jimbo likiwa limefunga, tuma maombi hata hivyo ili uingie kwenye mstari, kisha uulize kama una kipaumbele. Sheria inataka kipaumbele kwa watoto wenye mahitaji maalumu, familia zenye kipato cha chini sana na watoto wasio na makazi. Familia inayolala sebuleni kwa ndugu kwa kukosa pa kwenda inaweza kuhesabiwa haina makazi. Watu wetu hawasemi hilo kwa sababu ya heshima, wanaandika anwani ya ndugu na kunyamaza.

---

BibiMkaguzi

Nije kwenye kuchagua penyewe, maana mpaka sasa mmezungumza pesa tu.

Kabla hujaenda, soma ripoti za ukaguzi. Deikea yenye leseni inayopokea fedha hizi inakaguliwa angalau mara moja kwa mwaka, tena pasipo taarifa, na jimbo linatakiwa kuweka matokeo mtandaoni, angalau ya miaka 3. Usihesabu makosa, soma aina yake. "Faili la mfanyakazi halina cheti cha mafunzo" ni uzembe wa karatasi. "Mtoto aliachwa bila kuangaliwa", "idadi ya watoto ilizidi walezi", "mtoto alikabidhiwa mtu asiyeruhusiwa": hayo ni mengine kabisa. Na angalia kama kosa lile lile linarudi mwaka unaofuata. Kituo chenye makosa sita ya karatasi yaliyorekebishwa nakiamini kuliko chenye kosa moja la uangalizi lililojirudia. Malalamiko ya wazazi yaliyothibitishwa nayo ni haki yako kuyaulizia.

Nyota za ubora ambazo jimbo huzipa deikea ziangalie, ila usizisujudie. Kentucky All STARS inakwenda 1 hadi 5, Keystone STARS ya Pennsylvania 1 hadi 4, Texas Rising Star ina ngazi ya kuingilia kisha nyota 2 hadi 4. Nyota inaonyesha mafunzo ya walimu, mtaala, utaratibu. Haikuambii mwalimu wa darasa la mwanao ameanza juzi. Uliza: "Mwalimu wa chumba hiki ana muda gani hapa?" Wakijibu kwa kuzungukazunguka, umejibiwa.

Uwiano wa mlezi na watoto unatofautiana sana kati ya majimbo, na ndiyo maana "ina leseni" haitoshi. Pennsylvania mlezi mmoja anaruhusiwa wachanga 4, wa mwaka mmoja kuelekea miwili 5, wa miaka miwili 6, wa miaka mitatu hadi kabla ya kuanza shule 10. Texas wachanga ni 4 vilevile, lakini wa miaka miwili ni 11, wa mitatu 15, wa minne 18. Kentucky wachanga 5, chini ya miaka miwili 6, wa miwili 10. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili Dallas anaweza kuwa kwenye kundi la watu 11 kwa mlezi mmoja na kituo hakijavunja sheria yoyote. Tafuta kinachoweka watoto wachache kuliko kinavyoruhusiwa, vipo.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kituo kikiwa kwenye ubora wake. Mara ya pili saa 11 jioni, wakati nusu ya walimu wametoka na madarasa yameunganishwa. Uwiano huvunjika jioni na asubuhi mapema. Hesabu kwa vidole: watu wazima wangapi, watoto wangapi.

Chumba cha wachanga: mtoto alale chali, kwenye kitanda chake, godoro gumu lililonyooka, bila blanketi, mto, wala mdoli. Najua kwetu mtoto hufunikwa mpaka kichwa, hapa hilo ni kosa la ukaguzi kwa sababu linahusishwa na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini. Anayehisi baridi anavikwa gauni la kulalia lenye mfuko. Aliyesinzia kwenye kiti cha gari au bembea ahamishiwe kitandani. Kitanda chenye ubavu unaoteremka chini kimepigwa marufuku kuuzwa tangu 2011, na deikea zilipewa mpaka Desemba 2012 kuviondoa. Ukikiona leo, ondoka.

Mezani pa kubadilishia nepi tazama mlolongo: anafuta meza, ananawa mikono yake na ya mtoto, kila mara. Sinki hilo lisiwe la kuandalia chakula. Chupa za maziwa ziwe na jina na tarehe. Sabuni na dawa vifungiwe. Kama wana basi, uliza nani anapita viti vyote mpaka vya nyuma baada ya watoto kushuka, na anasaini wapi.

Kisha uliulize hili kwa sauti ya kawaida tu: "Naweza kuja kumwona mwanangu saa yoyote?" Kwa deikea inayopokea fedha za CCDF, mzazi ana haki ya kuingia wakati wowote mtoto akiwa pale. Anayetaka upige simu kwanza hajui masharti yake, au anayajua.

---

Mwana_Uvira

Jambo ndugu zangu, aksanti kwa maelezo. Texas. Mtu wa kiwanda cha nyama, zamu ya pili, anaingia saa 9 mchana anatoka saa 6 usiku. Vituo vyote vinafunga saa 12 jioni. Anafanyaje? Na wale mama wanaobakia na watoto wa watu kwenye apatimenti, ruzuku inaweza kuwalipa?

---

MamaDeikea_PA

Kaka, usipoteze muda na vituo vikubwa kwa zamu hiyo. Tafuta deikea ya nyumbani. Kwenye ukurasa wa kutafutia wa jimbo kuna kichujio cha saa za jioni na usiku. Ukiwapigia CCR&R waambie neno hilo hilo, saa zisizo za kawaida. Na kwa anayefanya usiku kucha, iulize ofisi kama mpango wao unalipia saa za mzazi kulala mchana. Baadhi ya majimbo yanalipa, lakini haiingii kwenye idhini usipoiomba.

Akilala kwa mlezi, uliza analala wapi, mlezi yuko macho au anasinzia, milango ya kutokea moto ukizuka ni ipi. Nani anaruhusiwa kumchukua saa 6 na nusu usiku liandikwe, na aje na kitambulisho.

Kuhusu mama wa apatimenti. Texas anayelea watoto 1 hadi 3 wasio ndugu zake kwa malipo ana ngazi yake, nyumba iliyoorodheshwa. Nyumba iliyosajiliwa inaruhusu hadi 6, na wengine 6 wa shule baada ya masomo. Nyumba yenye leseni hadi 12. Kwetu Pennsylvania, kuanzia mtoto wa 4 asiye ndugu lazima uwe na cheti, hadi 6, na 7 hadi 12 ni kundi jingine. Mama mwenye watoto saba bila karatasi halipwi na ruzuku, na siku mtoto akiumia hakuna bima wala mkaguzi wa kumwendea. Kama ni mlezi mzuri, msukumeni asajiliwe, mumsaidie kujaza fomu. Atapitia alama za vidole, uchunguzi wa rekodi za jinai na za unyanyasaji wa watoto (unarudiwa angalau kila miaka 5), huduma ya kwanza na CPR (kufufua aliyesimama moyo au pumzi), usalama wa usingizi. Watu wazima wanaokaa kwenye nyumba hiyo nao huchunguzwa, na hapo ndipo wengi wanakwama: mume au kijana hataki kupigwa alama za vidole.

---

KesiwokaMstaafu

Na ndugu wa damu wana njia yao. Bibi, babu, shangazi, mjomba, au kaka na dada wa mtoto anayeishi nyumba nyingine, akiwa na miaka 18 na zaidi, jimbo linaweza kumlegezea masharti na kumlipa. Uliza mambo mawili kabla: je, bibi anayeishi nyumba moja na mtoto anaruhusiwa (inategemea jimbo), na kiwango ni kiasi gani, kwa sababu cha ndugu huwa chini sana. Pesa hiyo ni kipato chake. Itaingia kwenye kodi, na ikiwa anapokea misaada mingine lazima airipoti.

Binamu, jirani, mama wa ubatizo: hao hawamo kwenye orodha hiyo, hata kama nyumbani tunawaita shangazi. Fomu ikiuliza uhusiano, andika ule wa damu au ndoa. "Shangazi" ambaye ni rafiki wa mama akigunduliwa, malipo yote yaliyopita yanadaiwa.

---

FundiRuzuku

Tukiwa hapo hapo kwenye madai: mahudhurio. Kila siku mzazi anathibitisha mtoto ameingia na kutoka, kwa saini, kwa PIN kwenye tableti au kwa kuskani msimbo. Hayo ndiyo yanayolipisha. Usimpe mwenye deikea PIN yako "ili akusaidie ukisahau". Usisaini karatasi tupu za mwezi mzima. Usikubali ofa ya kurudishiwa dola kadhaa kila mwezi kwa kumsajili mtoto ambaye haji. Uchunguzi ukianza, saini ni yako na jina ni lako, na kwa asiye raia kesi ya kuidanganya serikali ni hatari kuliko deni lenyewe. Ukisahau kuskani, mfumo mwingi unaruhusu kurekebisha ndani ya siku chache. Mwenye deikea anajua namna, mwombe siku ile ile.

---

Nyambura614

Kama mtoto ameshaanza na hapendezwi, mtu anaweza kuhama bila kupoteza ruzuku?

---

KesiwokaMstaafu

Anaweza. Ukishakubaliwa, ustahiki wako ni wa miezi 12 isiyopungua, na unakufuata wewe, haukai kwa deikea. Ila fuata mpangilio: soma mkataba (notisi ya wiki mbili ni ya kawaida), pata nafasi kule kupya, peleka mabadiliko ofisini, subiri idhini mpya, ndipo uhame. Ofisi hailipi deikea mbili kwa siku moja. Ukiondoka na deni la mchango, baadhi ya majimbo hayatakuhamisha mpaka ulilipe au mkubaliane mpango.

Ndani ya miezi hiyo 12, mshahara ukipanda bila kuvuka 85%, hukatwi. Ukipoteza kazi, jimbo linalochagua kusitisha lazima likupe angalau miezi 3 ya kutafuta nyingine, na mtoto anaendelea kwenda. Wengi wanamtoa mtoto siku waliyoachishwa kazi, halafu wanakwenda kwenye usaili bila wa kumwachia.

Kinachowatoa watu kwenye mpango sana sana ni barua ya kuhuisha ruzuku iliyokwenda kwenye anwani ya zamani. Ukihama nyumba, ripoti.

---

MamaDeikea_PA

Head Start, mpango wa serikali kuu wa elimu ya awali, isisahaulike: bure, miaka 3 hadi 5, na Early Head Start kwa walio chini ya hapo pamoja na wajawazito. Familia inayopokea SNAP (msaada wa chakula) inastahiki moja kwa moja. Darasa mara nyingi halimalizi siku nzima, kwa hiyo unaweza kuitumia asubuhi na ruzuku ikalipia saa zilizobaki, hasa pale vyote viwili vikiwa jengo moja. Uliza pia kama deikea iko kwenye CACFP, mpango wa chakula. Iliyomo inarudishiwa gharama za milo na inatakiwa kukupa angalau aina moja ya maziwa ya unga ya mchanga, kwa hiyo kwa kawaida haikutozi chakula pembeni.

---

HesabuZaKodi

Fupi. Mchango unaolipa mwenyewe, na tofauti kama unatozwa, unaweza kudaiwa kwenye fomu 2441, ile ya nafuu ya kodi kwa gharama za malezi. Sehemu aliyolipa jimbo haihesabiwi. Kikomo cha gharama ni dola 3,000 kwa mtoto mmoja, 6,000 kwa wawili au zaidi. Inatakiwa namba ya kodi ya deikea, waombe kwa fomu W-10 mwezi Januari, msingoje Aprili kwa sababu deikea za nyumbani hufungwa na watu hawapokei simu. Mwenye akaunti ya malezi kazini (kikomo kimepanda kutoka dola 5,000 hadi 7,500 kuanzia 2026), pesa iliyopita huko inapunguza kile kikomo cha 2441.

---

Mwana_Uvira

Na kama ofisi imekataa, na barua ni ya Kiingereza tupu?

---

KesiwokaMstaafu

Piga simu ofisini useme "Swahili interpreter". Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Title VI ya sheria ya haki za kiraia ya 1964 kukupa mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto kutafsiri, kwenye hesabu za kipato anakosea na kosa linabaki kwenye faili lako. Ukisikia Kiswahili cha mkalimani ni cha mbali na chako, useme, waombe mwingine. Kwa wanaotumia zaidi Kinyamulenge au Kibembe, taja lugha hiyo moja kwa moja.

Kwenye barua tafuta vitu vitatu: sababu ya kukataliwa, tarehe ya mwisho ya rufaa, na kama huduma inaendelea ukikata rufaa mapema. Siku za rufaa kwa kawaida zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyochapwa juu ya barua, si siku uliyofungua bahasha. Sababu ikiwa "hakuna uthibitisho" mara nyingi hauhitaji rufaa, peleka karatasi iliyokosekana na uombe risiti yenye mhuri wa tarehe. Ikiwa "kipato kimezidi", fanya ile hesabu ya 4.33 mwenyewe kwa slipu zako, iandike, iambatanishe. Msaada wa kisheria wa bure kwa wenye kipato kidogo upo karibu kila jimbo, waambie ni kesi ya ruzuku ya malezi na tarehe ya mwisho ni lini, watakupanga kwa tarehe hiyo.